Barua ya wazi kwa wajukuu zangu mnaogombea mahame

Wajukuu zangu wa Kasulu, mwakeye.

Nasikia mmeanza kuchangishana nauli ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai shamba la babu zenu kule mahame, makazi ya zamani tuliyohamishwa. Ngojeni kwanza.

Mwaka 1974, Operesheni Vijiji, ile ya serikali kuhamishia watu vijijini, ilinikuta kijana kama ninyi. Tulihamishwa mihogo ikiwa bado ardhini. Kule tulikotoka wakapewa wengine, nasi tukapewa hapa, penye mashamba ya watu. Nililalamika miaka mingi, hata salamu nikawanyima wale waliopewa kwetu. Kumbe nami nilikuwa nimekalia shamba la mtu! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilishalikata hilo: ardhi waliyogawiwa waliohamishiwa vijijini kati ya 1970 na 1977 ni yao kihalali, na haki za zamani juu yake zilikoma. Mkiyafukua ya mahame, wenyeji wa hapa nao watayafukua ya kwenu.

Mpaka ni jambo jingine, na hapo nawaunga mkono. Jirani aliyeng'oa minyaa ya mpakani akasogea hatua kumi na mbili hakutumwa na operesheni yoyote. Anzeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe ni saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake (msiwadharau hao, ndio wanaokumbuka nani alilima wapi, maana jembe lilikuwa mikononi mwao). Ikishindikana, nendeni Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Wilayani hawasikilizi shauri ambalo halijapita kata. Sasa nauli ya nini?

Na shangazi yenu aitwe. Mnasema kwa mila mwanamke hana ardhi; mila ya kumnyima mwanamke ardhi sheria hiyohiyo imeibatilisha, na michikichi ile aliipalilia yeye, si ninyi.

Wazee waliouona mpaka ule ukipandwa wamebaki wawili, mmoja macho yamefifia. Jumamosi alfajiri tutaupita nao kwa miguu, pande zote mbili zikiwepo. Tutakapokubaliana tupande mnyaa palepale, mtendaji aandike, kisha kila mmoja aombe hati ya hakimiliki ya kimila. Mimi nitawasubiri kwenye kichuguu cha chini. Panga lije moja tu, la kufyekea njia.

Babu yenu