Saratani imerudi, shemeji alijua kabla yangu

Shangazi, shikamoo.

Usiku huu wote wamelala, mimi usingizi sina.

Mume wangu alipigwa mionzi ya tezi dume. Nilimuuguza mimi. Nilifua mashuka, niliamka naye kila alipokwenda chooni, nilimpikia uji hata alipoukataa. Sasa majibu ya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, yametoka yamepanda, akampigia simu mdogo wake. Mimi nimekuja kusikia kwa shemeji, tena mbele ya wageni, ananipa pole akidhani najua. Shangazi, mimi ni nani kwenye ile nyumba?

Najua atasema hakutaka kunipandisha presha. Presha ninayo miaka mingi na dawa nakunywa.

Baada ya mionzi hiyo PSA ilishuka hadi 0.4, tukachinja jogoo. Sasa ni 3.1. Daktari alieleza (aliyeniambia ni shemeji, siyo mume wangu) kwamba ikipanda kwa 2 au zaidi kutoka pale iliposhuka chini kabisa, inahesabiwa ugonjwa umerudi. Ila kipimo cha damu hakisemi uko wapi. Unaweza kuwa kwenye tezi yenyewe, maana mionzi haiondoi tezi, inabaki mwilini. Unaweza kuwa kwenye mitoki ya nyonga. Unaweza kuwa mifupani. Na tiba inategemea uko wapi, ndiyo maana anatakiwa akapigwe picha. Hataki. Anasema mgongo unauma kwa sababu ya jembe. Jembe gani, na shamba tulishakodisha?

Nahisi anaogopa zile sindano za homoni za kutibu saratani hii, kwamba zitammalizia nguvu za kiume. Kama ni hilo, nguvu zilipungua tangu mionzi na mimi sijawahi kulalamika. Hata siku moja. Angeniuliza ningemwambia. Lakini aliyeulizwa ni mdogo wake.

Mimi siyo mwanamke wa kelele, na simu yake sijawahi kuipekua. Ila kadi yake ya kliniki najua anapoiweka, na daktari ananifahamu. Nikienda peke yangu kuuliza, nitakuwa nimemvunjia heshima? Maana kuna saa naona bora nisijue kabisa. Wakiniambia ni mifupa, nitamtazamaje tukikaa kula? Halafu usiku mgongo unamkamata, namsikia anavyogugumia asiniamshe, nasema liwalo na liwe, kesho naenda. Kukicha nakumbuka ile simu, nasema aende na huyo aliyempigia.

Watoto hawajui lolote. Wifi naye anajua, nimeligundua jana.

Simchukii mume wangu, usinielewe vibaya. Nataka akapigwe hiyo picha na mimi niwe nimekaa pale, niambiwe na daktari kwa masikio yangu.

Nijibu hata kwa mistari michache. Ila usiniambie nikae na shemeji tuyazungumze, hilo siliwezi.