Majina elfu, miungu mingapi?

Mpwa wangu,

Assalamu alaikum. Siku ile ulipoandika kwenye kundi la ukoo kwamba Wahindu wana miungu elfu, nilinyamaza maana watu walishapandwa na mori. Leo nakujibu hadharani, kwa kuwa husemi hivyo peke yako.

Elfu hiyo ipo. Katika Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa Wahindu, mzee Bhishma, akiwa amelazwa juu ya mishale akingojea kufa, anamtajia mfalme Yudhishthira majina 1,000. Yote ni ya mungu mmoja, Vishnu. Nasi Mtume (S.A.W.) ametuambia Mwenyezi Mungu ana majina 99, na Suratul Israa aya ya 110 inasema tumwite Allah au tumwite Rahman, majina mazuri ni Yake. Mtu akikuhesabia tasbihi akasema una miungu 99, si utamcheka?

Huu mkanganyo si wa leo. Mwaka 1498, hapa hapa Malindi, watu wa Vasco da Gama walikuta merikebu za Wahindi, wakasikia wakipaza sauti: "Kristo! Kristo!" Wakafurahi, wakawaandika kuwa ni Wakristo, ingawa waliandika pia kwamba hawali nyama ya ng'ombe! Wanahistoria wanaona huenda aliyetajwa ni Krishna, anayeabudiwa na Wahindu.

Ila usidhani nakwambia dini zote ni moja, tofauti ni majina. Maneno hayo husemwa sana kwenye mikutano ya amani, na mimi nayaona ni uvivu. Kwa wanaomfuata Vishnu, Krishna ni Vishnu mwenyewe aliyeshuka akavaa mwili, hata akaendesha gari la vita la shujaa Arjuna. Kwetu "hakuzaa wala hakuzaliwa" imeutia mlango huo komeo. Tena wao kwa wao wanabishana: mwanachuoni wao Shankara alifundisha kuwa nafsi ya mtu na Brahman, yaani asili ya vyote, ni kitu kimoja; mwenzake wa baadaye, Madhva, akakataa katakata, Mungu mbali, mja mbali. Huyo Madhva ningemkaribisha kahawa.

Jirani yangu muuza vitambaa, kabla hajauza chochote, huwasha kijiti cha udi akakizungusha mbele ya picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali. Nilimuuliza kama karatasi ile ndiyo mungu. Akacheka: "Hii? Mwaka jana ilikuwa kalenda." Mambo ya picha sikubaliani naye, na anajua. Ukija Idi kamuulize mwenyewe, lakini si asubuhi; akiwa anafungua duka hataki maneno.

Mjomba wako,
Malindi