Tamthiliya za kuchekesha nazo zichapwe kwa maandishi makubwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kuhusu vitabu vya tamthiliya, hasa zile za kuchekesha, na wasomaji wenye uoni hafifu. Nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo jambo hili naliona darasani na linaniuma.

Baraza la Mitihani likitangaza watahiniwa wa kidato cha nne huwa linawataja wenye uoni hafifu na kusema karatasi zao za maswali hukuzwa maandishi. Hapo napongeza kabisa. Sasa huyo mtoto aliyekuziwa swali linalomuuliza habari za Ngoswe na Mzee Mitomingi, kitabu chenyewe, tamthiliya ya Ngoswe ya Edwin Semzaba, alikisoma kwa maandishi gani? Yale yale madogo ya wenzake, ambayo hayaoni, yaani kasomewa na rafiki yake bwenini basi.

Riwaya ukisomewa unaelewa, sikatai. Ila tamthiliya ya kuchekesha tunaisoma kwa kugawana nafasi, huyu Ngoswe, yule Mazoea, mwingine Mitomingi, na utamu wote uko kwenye kujibizana, mmoja anamaliza mwenzake anadaka hapo hapo. Mtu akitafuta mstari wake hata kidogo tu kicheko kimeshakufa, darasa linaanza kunung'unika, na wengi wetu walimu tunachofanya ili kipindi kiende ni kutompa nafasi kabisa yule asiyeona vizuri. Anakaa pembeni anasikiliza wenzake wakicheka. Siyo haki.

Chukua Mabepari wa Venisi, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere ikatoka 1969. Watu wanamkumbuka Shylock, yule mkopeshaji, na ratili yake ya nyama wanasahau kwamba tangu 1623, kazi za Shakespeare zilipokusanywa kwenye kitabu kimoja kikubwa, mchezo huu uliwekwa kwenye kundi la michezo ya kuchekesha, na mle ndani kuna mzee Gobbo ambaye macho yake yamefifia. Anamtafuta mwanawe Lancelot, anakutana naye njiani hamtambui, na kijana badala ya kujitambulisha anamwelekeza njia ya kumvuruga, pinda kulia, kona inayofuata kushoto, ile nyingine usipinde popote, halafu anamwambia kabisa mwanao amefariki! Akija kujitambulisha mzee anampapasa kichwani na kushangaa mbona mwanangu umeota ndevu nyingi hivi. Mwanafunzi wangu mmoja mwenye ualbino aliomba mwenyewe kuwa mzee Gobbo na aliigiza vizuri kuliko wote, shule nzima ilicheka, lakini maneno ilibidi asomewe na mwenzake sentensi moja moja mpaka akakariri, wenzake wote wakiwa na kitabu mkononi wanafanya mazoezi. Kipaji kipo, kilichokosekana ni karatasi anayoweza kuisoma.

Najua wapo watakaosema si mpige fotokopi kubwa. Tunapiga sana! Kitabu cha A5 ukikikuza kuwa A4 maandishi ya saizi 10 yanafika 14, wakati maandishi makubwa yanayokubalika kwa wenye uoni hafifu yanaanzia 16 mpaka 18. Ukienda A3 saizi inatosha lakini sasa mtoto ameshika gazeti, hawezi kutembea nalo stejini, na wino unakuwa umefifia pembeni pale kitabu kinapokunjwa, maneno ya mwisho wa mstari hayasomeki. Halafu karatasi ya stationari ni nyeupe pee, mwanga ukimulika unamrudia machoni, na wenye ualbino mwanga huo unawaumiza.

Toleo lenyewe linatakiwa lipangwe upya. Jina la anayesema liwe limekolezwa wino na likae mstari wake peke yake ili jicho lilipate haraka, maelekezo ya jukwaani yasiwe kwa herufi za mlalo kwa sababu zile ni ngumu sana kusoma kwa jicho dhaifu, yawekwe tu kwenye mabano, karatasi isiyong'aa, na swali la mhusika lisiachwe chini ya ukurasa huku jibu la kuchekesha liko ukurasa unaofuata. Mchapishaji faili analo kwenye kompyuta, kazi ya kulipanga upya siyo ya miezi. Na tamthiliya zetu ni vitabu vyembamba, Ngoswe au Mfalme Juha ya Farouk Topan hata ukivikuza maandishi haviwi vinene kama riwaya ilivyokuzwa, ndo maana nasema tuanzie hapa.

Uingereza jambo hili lilianza 1964, mzee mmoja anaitwa Frederick Thorpe kule Leicester akaanzisha kampuni ya Ulverscroft ya kuchapa vitabu vya maandishi makubwa akiwalenga wazee waliokuwa wameacha kusoma kwa sababu ya macho, akaviuza maktaba. Vitabu vya kwanza vilikuwa vikubwa na vizito kubeba, baadaye wakavirudisha kwenye umbo la kawaida maandishi yakabaki makubwa. Nasi wazee tunao, waliokuwa wakiigiza michezo hii shuleni na vyuo vya ualimu miaka ya sabini, wengi wao wangependa kuirudia na wajukuu sebuleni kila mtu na sehemu yake.

Kisingizio cha hakimiliki nacho kimepungua sana. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaziruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za wasioona na wenye uoni hafifu, maandishi makubwa yakiwemo, bila kumwomba ruhusa mwenye haki, na Kenya ilijiunga 2017, Tanzania 2020. Kwa hiyo Bodi ya Huduma za Maktaba na Taasisi ya Elimu nawaomba kwa heshima zote mkae na wachapishaji, chagueni tamthiliya chache za kuchekesha, nakala zianzie maktaba za mikoa na shule zenye wanafunzi hawa, kila kitabu zikae nakala kadhaa pamoja kwa sababu mchezo hausomwi na mtu mmoja.

Walimu wenzangu mlio na wanafunzi wa aina hii na nyie andikeni, mtaje kitabu ambacho darasa lenu linakihitaji kwanza, ili mchapishaji ajue pa kuanzia.

Mwalimu wa Kiswahili,
Tanga