Barua ya wazi kwa vijana wanaofuatilia fedha za umma

Wanangu,

Nimewasikia baadhi yenu mkisema kwamba tathmini ambazo nchi hufanyiana kuhusu rushwa ni vikao vya wakubwa kulindana, kwa kuwa anayekagua leo kesho atakaguliwa. Shaka yenu naielewa, lakini nawasihi msiitupe nyenzo ambayo hamjaitumia.

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ambao Kenya ilikuwa ya kwanza kuuridhia, Desemba 2003, kila nchi hujitathmini kwanza kwa maandishi, kisha hukaguliwa na nchi mbili zilizopatikana kwa kura ya bahati nasibu, mojawapo ikitoka katika kanda yake. Utaratibu huo, uliokubaliwa Doha mwaka 2009, una udhaifu ambao sitaki kuuficha: kinachotangazwa kwa lazima ni muhtasari tu, ilhali ripoti kamili hutolewa serikali husika ikipenda, na wakaguzi hawaingii nchini pasipo idhini yake. Hapo ndipo penye kazi yenu. Iandikieni serikali mapema, kabla majibu yake hayajapelekwa Vienna, kwenye ofisi ya Umoja wa Mataifa inayosimamia tathmini hizo, mkiiomba iwashirikishe katika kuyaandaa, iwakaribishe wakaguzi, na iahidi kuichapisha ripoti yote. Mkingoja hadi muhtasari utoke, mtabaki kuulalamikia.

Tazameni yaliyoipata Uingereza. Mwaka 2006 ilisitisha uchunguzi wa tuhuma za hongo katika mauzo ya silaha ya kampuni ya BAE kwa Saudi Arabia. Kikundi kazi kuhusu hongo cha OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi zimeendelea kiuchumi, ambacho ripoti zake hutangazwa, kikaikosoa vikali mwaka 2008 kwa kuchelewa kurekebisha sheria zake, na mwaka 2010 Bunge lake likapitisha Sheria ya Hongo. Mwaka huohuo BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutotunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za mauzo ya rada kwa Tanzania, na baadaye pauni milioni 29.5 zikalipwa kwa ajili ya elimu ya watoto wetu. Sidai kwamba ripoti ile ndiyo iliyozileta fedha hizo. Ninachodai ni kwamba hata taifa lenye nguvu huona haya linaposomewa makosa yake na wenzake, mradi kila mtu anaweza kuyasoma.

Basi chukueni muhtasari wa nchi yenu, usomeni kifungu kwa kifungu, na kila mnapokuta wakaguzi wamependekeza sheria irekebishwe, mwandikieni mbunge wenu kumuuliza muswada wake umefikia wapi.

Ni mimi mzee wenu,
Mtumishi wa umma mstaafu