Kiwanda cha korosho kinahitaji mzigo kwanza

Mhariri,

Aprili 2025 Marekani ilipotangaza ushuru wa asilimia 46 kwa Vietnam na 10 kwa Tanzania, wengi waliona mwanya wa korosho yetu kuingia soko la Marekani. Viwango vimebadilika tangu hapo, lakini korosho ya Mtwara bado huondoka ghafi kwenda kubanguliwa hukohuko Vietnam, na India.

Mwekezaji wa kiwanda cha kubangua hapa anavutwa kwa msamaha wa kodi. Sawa, ila kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hula takriban kilo nne za ghafi, na minada ya stakabadhi ghalani (mfumo ambao korosho za wakulima hukusanywa ghalani, kisha huuzwa kwa mnada) ni ya miezi michache kuanzia Oktoba. Asiye na mtaji wa kununua mzigo wa mwaka mzima kwa mkupuo, mashine zake zitalala. Huyo apewe mkopo wa msimu, na ghala kavu: unyevu ukizidi asilimia 10, ukungu huingia.

Msomaji,
Mtwara