Barua ya malalamiko: ngalawa, kamba ya jarari iliyooza na amana yangu

Mikocheni,
Dar es Salaam.
22 Septemba 2025

Meneja,
Kampuni ya kukodisha ngalawa na mashua,
Msasani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NGALAWA NAMBA 4 NILIYOKODI TAREHE 6 NA 7 SEPTEMBA 2025, NA MADAI YA SH. 130,000

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naanza na jibu nililopewa kwa simu Alhamisi iliyopita. Dada wa mapokezi, kwa adabu nzuri tu, aliniambia ofisi haiwezi kushughulikia malalamiko yangu kwa sababu kwenye daftari la wageni niliandika kwa mkono wangu: "Nimefurahi mno. Nitarudi." Ni kweli niliandika. Niliandika Jumapili jioni, nguo zimekakamaa kwa chumvi, na sifuti hata nukta. Ila naomba tuelewane nilifurahia nini, kwa sababu furaha ile mnaitumia kama risiti, na haikutoka dukani kwenu.

Mimi kazi yangu ni mahesabu. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa Kilindoni, Mafia, na ngalawa niliijua kabla sijajua kusoma, lakini mara ya mwisho kushika usukani peke yangu nilikuwa bado sekondari. Tangazo lenu la wikiendi ya mtu mmoja na tanga lake lilinigusa penyewe. Nikalipa shilingi 280,000 za siku mbili pamoja na amana ya shilingi 150,000, bila kuomba punguzo.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikagua chombo kama nilivyofundishwa. Mirengu, yale mabawa ya mbao ya pembeni yanayoizuia ngalawa isipinduke, ilikuwa imefungwa vizuri, tanga lina viraka viwili lakini zima, kifaa cha kufulia maji, yaani kuyatoa chomboni, ni dumu la mafuta lililokatwa (silalamikii hilo, kila mvuvi analo). Jaketi okozi halikuwa na kishikizo, nikalifunga kwa kamba. Kisha nikaiangalia jarari, kamba inayopandisha tanga mlingotini. Pale inapopita juu ya mlingoti manila ilikuwa imeungua jua mpaka imekuwa nyeupe, na nyuzi zimeanza kusimama. Nikamwambia kijana wenu, "Kaka, hii jarari imechoka." Akanijibu, "Hiyo inafika tu, mzee." Nikaomba ibadilishwe. Stoo hakukuwa na kamba. Basi nikaandika kwenye fomu ya makabidhiano, mstari wa tatu: "Jarari imelika, nimeomba nyingine, haipo." Kijana akasaini. Nakala mnayo nyinyi, na mimi nina picha yake kwenye simu, na picha ya kamba yenyewe, zote zinaonyesha saa.

Mtasema, kama uliiona mbona uliondoka? Swali la haki. Nilikuwa nimelingoja hilo kwa miaka ishirini na kitu, upepo ulikuwa mwanana wa msimu wa demani, na nilijidanganya kwamba siku mbili itavumilia. Kosa hilo ni langu na nalibeba. Lakini mwenye kamba ni nyinyi, na mwenye kuitoza bei ni nyinyi.

Jumamosi yenyewe sina la kulalamika. Nilitoka na upepo wa tezi, unaosukuma kutoka nyuma, tanga likajaa mara moja, na muziki wa Masaki ukabaki nyuma mpaka ukazimika. Kisiwa cha Bongoyo kikapita kulia, kisha cha Pangavini na miamba yake. Mkononi nina demani tu, ile kamba ya kuongozea tanga, nikiilegeza na kuivuta kidogo kidogo, na ngalawa inajibu. Hakuna wa kuniuliza tumefikia wapi na ripoti. Simu ilikuwa ndani ya mfuko usiopitisha maji na sikuikumbuka mpaka kisiwa cha Mbudya. Pale nikalipa ada ya hifadhi, nikala samaki wa kuchoma, nikalala kwenye hema. Ulikuwa usiku wa kuamkia mwezi mpevu. Niliamka mara mbili, si kwa sababu ya kitu chochote, ila kwenda kuitazama ngalawa ilivyolala mchangani, mirengu yake imeuma ardhi kama kaa.

Jumapili niliondoka saa mbili asubuhi. Nilipoipita tu ncha ya kusini ya Mbudya, pale upepo wa kusi unapokufika bila kizuizi, jarari ilikatika. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikaanguka na tanga lote, ikagonga mrengu wa kushoto, kiasi cha shubiri moja kutoka kichwani kwangu. Ningekuwa nimekaa mbele kidogo, barua hii ingeandikwa na ndugu zangu.

Nikapiga namba yenu ya dharura, ile iliyochorwa kwa rangi nyekundu ubavuni mwa chombo. Mara ya tano ikapokelewa. Nikaambiwa boti ya msaada ipo, ila mwenye ufunguo amekwenda harusini Kibaha. Nikashukuru, nikachukua kafi. Upepo na mkondo vilikuwa vinanipeleka upande wa Kunduchi, nikaona nisishindane navyo.

Nilifika Kunduchi yapata saa nne. Siku za bamvua mnazijua: saa hiyo maji yalikuwa yamekupwa kabisa, ngalawa ikakaa mchangani mbali na ufuo. Wavuvi wakaja wenyewe. Mzee mmoja aliishika ile kamba, akaivuta kwa vidole viwili, ikaachia nyuzi kama ndevu za mahindi. Akaniuliza, "Mwanangu, hii wamekukodisha au wamekutegea?" Wakashusha mlingoti, wakapitisha manila mpya, wakausimamisha tena. Kamba niliilipia shilingi 15,000. Kazi yao walikataa kulipwa, wakaniambia ningoje maji.

Saa saba kasorobo maji yakaniinua nikaondoka, safari nzima kwa bisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo. Aliyewahi kukisi tanga, kuligeuza upande wa pili, peke yake anajua shughuli yake: unalegeza demani, unapitisha foromali mbele ya mlingoti, unarudi mbio kwenye usukani kabla omo, yaani mbele ya chombo, haijakuasi, na mawimbi hayakusubiri umalize. Mara ya kwanza nilikosea nikapigwa maji mpaka kifuani. Ya nne nilikosea tena. Kuanzia ya sita mikono ikakumbuka yenyewe, bila kuniuliza, na nikajikuta nacheka peke yangu katikati ya bahari kama mtu aliyerukwa na akili. Hapo ndipo ilipotoka ile "nimefurahi mno", Ndugu Meneja. Ilitoka kwenye kamba ya Kunduchi.

Nilifika Msasani saa kumi na mbili kasorobo jioni, chombo kizima. Usiku ule mwezi ulipopatwa nilikuwa kibarazani kwangu, viganja vimechubuka, bado najiona mwenye bahati.

Siku tatu baadaye nikarudishiwa shilingi 35,000 badala ya 150,000. Maelezo yenu: shilingi 65,000 kwa "uzembe wa nahodha uliosababisha kukatika jarari na kuchubuka foromali", na shilingi 50,000 kwa kuchelewa kurudi, kwani mkataba ulisema saa tisa alasiri. Nimeyasoma maelezo hayo mara nyingi. Mmenitoza kamba iliyooza mikononi mwenu, kisha mmenitoza muda nilioupoteza kwa sababu ya kamba hiyo hiyo. Na ile mpya niliyoinunua imebaki mlingotini mwenu.

Nadai shilingi 115,000 mlizokata na shilingi 15,000 za kamba, jumla shilingi 130,000, kabla ya tarehe 6 Oktoba 2025. Nadai pia maneno "uzembe wa nahodha" yafutwe kwenye kumbukumbu zenu. Huenda mkaliona ni dogo, lakini mimi ni mtoto wa mvuvi, na pesa nitazisamehe kabla ya neno hilo.

Kuna jambo ambalo si la pesa. Wiki iliyofuata nilipita hapo kwenu nikaona vijana wawili, nadhani wanafunzi wa chuo, wanaoneshwa ngalawa namba 2. Mmoja wao alikuwa anauliza demani ni ipi. Sikuweza kuiona jarari yake nikiwa barabarani, ila jaketi lake nililiona, na lilikuwa limefungwa kwa kamba. Huyo akikatikiwa, hana baba wa Kilindoni wa kumkumbusha la kufanya. Kwa sababu hiyo nakala ya barua hii naipeleka TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo majini.

Kipande cha jarari ninacho nyumbani, nitakuja nacho siku ya kuchukua pesa. Na lile la "nitarudi" halijabadilika. Upepo wa kaskazi ukishashika, mwezi wa kwanza, nitaitaka ngalawa hiyo hiyo namba 4, ambayo mwili wake hauna kosa. Kamba yake msiibadilishe, ile ya Kunduchi bado mpya.

Wenu,
Mteja wa ngalawa namba 4.

Nakala: TASAC, Dar es Salaam.