Kuipatia Waifai Kompyuta Mpakato ya Zamani: Maelezo kwa Wateja Wetu wa Mwanza

Mara kwa mara mteja huingia katika karakana yetu hapa Kirumba akiwa na kompyuta mpakato mkononi na adapta mpya ya USB ambayo bado imo kwenye boksi lake, akatueleza kwamba ameichomeka, taa yake inamulika, lakini orodha ya mitandao haitokei. Tunapozipima zote mbili tunakuta adapta ni nzima na kompyuta ni nzima. Kilichokosekana ni ulinganifu kati yake, jambo ambalo lingeweza kujulikana kabla ya fedha kutoka mfukoni. Tumeandika maelezo haya kwa ajili ya mteja huyo, na kwa kila mwalimu, mwanafunzi au mweka hazina wa kikundi ambaye mashine yake ya miaka 10 au 15 bado inaandika barua na kupiga hesabu vizuri, isipokuwa haina waifai, au iliyokuwa nayo imekufa.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwanza kwamba waifai haimo. Tangu 2003, Intel ilipoanza kuuza mfumo wake wa Centrino, kompyuta mpakato nyingi zimekuwa zikitoka kiwandani zikiwa na kadi ya waifai ndani, kwa hiyo mashine inayodhaniwa kuwa haina mara nyingi inayo, ila imezimwa. Mashine nyingi za miaka ile zina swichi ndogo ya kusukuma ubavuni au upande wa mbele, ambayo ni rahisi kuhama mashine inapoingizwa na kutolewa kwenye begi. Nyingine huwashwa kwa kubonyeza Fn pamoja na kitufe chenye picha ya mnara. Ukishaikagua swichi, fungua orodha ya vifaa katika Windows. Ukikuta kifaa cha mtandao chenye alama ya mshangao ya manjano, kadi ipo na kilichopotea ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa, hali inayotokea sana baada ya mashine kuwekewa Windows upya. Kazi ya namna hiyo huisha kwa muda mfupi bila kununua kifaa chochote, na tunaomba sana mteja asiiruke hatua hii.

Kuna sababu nyingine ambayo hata mafundi huisahau. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa nchini zilitoka Marekani na Ulaya, na kadi nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani husikia chaneli (njia za redio) ya 1 hadi ya 11 pekee katika masafa ya gigahezi 2.4. Ruta ya nyumbani ikiwa imewekwa kwenye chaneli ya 12 au 13, simu za wanafamilia zitauona mtandao, kompyuta peke yake haitauona, na mwenye nyumba atahitimisha kwamba kadi imeharibika. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuihamishia kwenye chaneli ya 1, 6 au 11. Hotspoti ya simu nayo ina jambo linalofanana na hilo: simu nyingi za sasa zinaweza kurusha kwa gigahezi 5, masafa ambayo kadi nyingi za zamani haziyasikii kabisa. Chagua gigahezi 2.4 katika mipangilio ya hotspoti, kisha ujaribu tena.

Ikithibitika kwamba kadi haimo au imekufa, njia inayowafaa watu wengi ni adapta ya USB, yaani kile kifaa kidogo mithili ya flashi. Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, na kubwa kuliko yote ni kuchagua kwa kufuata namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi. Tundu la USB 2.0, ambalo ndilo lililomo katika mashine nyingi za kabla ya 2010, lina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, na katika matumizi halisi hupungua sana. Adapta iliyoandikwa 1300 haiwezi kupitisha kiasi hicho hapo, kama vile maji ya bomba la inchi mbili yasivyoweza kupita yote katika bomba la nusu inchi. Mashine za zamani zaidi, zenye USB 1.1, zina ukomo wa megabiti 12 tu. Adapta ya kawaida ya kiwango cha 802.11n, iliyoandikwa 150, inatosha kwa barua pepe, masomo ya video na mikutano, kwa sababu mara nyingi kinachochelewesha ni huduma ya intaneti yenyewe wala si adapta. Hatuoni sababu ya mteja kulipia kasi ambayo mashine yake haina mlango wa kuipitisha.

Kinachostahili kuangaliwa kuliko kasi ni chipu iliyomo ndani ya adapta na matoleo ya Windows ambayo draiva yake inayakubali. Adapta nyingi za sasa zilizoandikwa Wi-Fi 6 zina draiva za Windows 10 na 11 pekee. Ukiichomeka ya namna hiyo kwenye Windows 7, taa inaweza kuwaka kwa kuwa umeme wa USB umeifikia, lakini mfumo haujui kifaa hicho ni nini wala namna ya kukitumia. Hivyo ndivyo ilivyo kwa yule mteja tuliyemtaja mwanzoni: taa humwambia kwamba umeme upo, basi. Tunamshauri kila mtu asome maandishi madogo ya boksi kabla ya kulipia, na muuzaji akishindwa kutaja draiva inayofaa, aendelee kutafuta duka jingine. Kwa wanaotumia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, adapta nyingi zenye chipu za Atheros au Ralink hufanya kazi mara zinapochomekwa, kwa sababu draiva zake zimo ndani ya mfumo wenyewe.

Draiva ina usumbufu wake mwingine: kuipata kunahitaji intaneti, na intaneti ndiyo inayotafutwa. Baadhi ya adapta huja na CD ndogo, ilhali kisomeo cha CD cha mashine ya umri huo mara nyingi kimeshachoka. Njoo na flashi tukuwekee draiva sahihi, au tumia simu yako: simu za Android zinaweza kuipa kompyuta mtandao kwa waya wa USB, na Windows 7 na matoleo yaliyoifuata huwa zinaitambua simu hiyo. Wapo wateja wetu waliobaki na njia hiyo ya waya moja kwa moja, kwa kuwa simu inachajiwa papo hapo na hakuna cha kununua.

Mji wetu umekaa juu ya mawe, na mawe hayo yanahusika katika habari hii. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na mlima wa Bugando zimeegemea majabali ya granaiti, na mtu anaweza kuwa mita chache tu kutoka kwenye ruta ya ndugu yake huku jabali zima likiwa katikati. Masafa ya gigahezi 5 huchoka upesi zaidi mbele ya kizuizi kuliko 2.4, ndiyo maana kwa nyumba kama hizo hatumshawishi mteja kununua adapta ya gharama kwa ajili ya 5. Kinachosaidia kweli ni waya wa kurefusha USB, wa mita moja au mbili, unaomwezesha mtu kuitoa adapta nyuma ya kompyuta na kuipandisha dirishani, mahali inapouona mlango au uwazi unaoelekea ruta ilipo. Tumeona mtandao uliokuwa ukikatika kila dakika ukatulia kwa waya huo peke yake. Waya huo hufaa pia pale ambapo adapta imechomekwa jirani na diski ya nje ya USB 3.0, kwa sababu vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele inayoangukia katika masafa yaleyale ya 2.4.

Njia ya pili ni kubadilisha kadi ya ndani, na kwa mtu anayebeba mashine yake kila siku sisi tunaipenda zaidi, kwa kuwa hakuna kinachochomoza ubavuni kikavunjika kwenye daladala. Antena huwa zimezungushwa kwenye fremu ya kioo, na waya zake mbili nyembamba, aghalabu mweusi na mweupe, hushuka hadi kwenye kadi. Mashine za mwanzo zilitumia kadi za Mini PCI, zikafuatiwa na Mini PCI Express, kisha M.2, na aina hizi haziingiliani. Hata ndani ya Mini PCI Express kuna kadi ndefu na fupi. Fupi ikiwekwa mahali pa ndefu huhitaji kipande cha kuiongezea urefu ili iweze kufungwa kwa skrubu. Vichwa vya waya za antena ni vidogo mno na havikukusudiwa kufunguliwa mara nyingi. Vile vya aina ya U.FL vimepangiwa takriban mara 30 tu. Anayevivuta kwa koleo atabaki na kadi nzima isiyosikia chochote.

Tunapaswa kueleza pia hasara iliyotupata. Zamani tulinunua kadi nzuri kwa ajili ya mashine ya mteja, tukaifunga, na mashine ikagoma kuwaka, ikiandika kwenye kioo kwamba kadi hiyo hairuhusiwi. Baadhi ya watengenezaji waliweka katika BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, orodha ya kadi wanazozikubali, na kadi isiyomo katika orodha hiyo hukataliwa hata kama ni nzima. Kadi ikiondolewa mashine huwaka kama kawaida, lakini fedha imeshatumika. Gharama ya siku ile tuliibeba wenyewe, na tangu hapo tunaanza kwa kusoma namba kamili ya mashine iliyo kwenye lebo ya chini, ndipo tuagize kadi.

Mashine zenye tundu pana la kadi ubavuni, la PC Card au ExpressCard, zinaweza kutumia kadi za waifai za aina hiyo, ingawa siku hizi hupatikana kwa nadra na kwa kawaida zikiwa zimetumika.

Kwa mashine kongwe kabisa, ambayo USB yake ni ya polepole au draiva haipatikani, tunatumia njia ambayo wateja wengi hawaijui: ruta ndogo inayopangwa kupokea waifai na kuipeleka kwenye kompyuta kwa waya wa mtandao, ule wenye kichwa cha RJ45. Kompyuta hujiona imeunganishwa kwa waya, haihitaji draiva yoyote ya waifai, na kazi yote ya nenosiri hufanywa na ruta. Baadhi ya ruta hizo hutumia volti 5, kwa hiyo huendeshwa kwa chaja ya simu au pawabenki hata umeme unapokatika. Kwa ofisi ambayo kompyuta haiondoki mezani, hili ndilo chaguo letu la kwanza.

Ruta hiyo huondoa pia jaribu baya. Windows XP isiyo na Service Pack 3, sasisho lake la 2008, kwa kawaida haielewi WPA2, ulinzi wa nenosiri la waifai, na wapo watu wanaoishusha ruta ya nyumba nzima hadi kwenye WEP, ulinzi wa zamani, ili mashine moja ipate mtandao. WEP ilionyeshwa kuwa dhaifu tangu 2001, na leo huvunjwa kwa dakika chache. Jirani atatumia bando lako, na anaweza kusoma yanayopita humo. Hatufanyi kazi hiyo hata mteja akituomba. Ikiwa ruta au hotspoti imewekwa kwenye WPA3, ulinzi mpya zaidi, pekee, kuirudisha kwenye WPA2 kunakubalika. Jambo lingine la kujua mapema ni kwamba Microsoft iliacha kuihudumia XP mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020. Kwenye XP tovuti nyingi za sasa zitakataa kufunguka hata mtandao ukiwa imara, na katika hali hiyo tutazungumza nawe kuhusu Linux nyepesi kabla ya kuuza adapta.

Anayetuletea mashine tunamwomba aje na chaja yake, simu anayoitumia kwa hotspoti na, ikiwezekana, picha ya lebo ya ruta ya nyumbani. Kukagua swichi, draiva na chaneli hatutozi. Kwa anayetoka Sengerema au Ukerewe, tunaiunganisha mashine na mtandao wetu na kisha na hotspoti ya simu yake mwenyewe, tunaizima, tunaiwasha tena mbele yake, na inapojiunga bila kuguswa ndipo tunamkabidhi aondoke nayo kwenda bandarini au stendi.